Chuma siku sita, sahani moja kwa siku: juu ya nini miili ya vijana wetu haijengeki

Asubui mapema, mbele ya pikipiki kuanza kelele, wamekwisha kutoka. Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira: kila mji una barabara yake ambamo vijana wanakimbia kwa vikundi wakiimba, na kila kartie ina kiwanja ao uwanja wa nyuma wa nyumba fulani ambamo wanainua chuma. Wenye makuta kidogo wanalipa sali ya mazoezi yenye mashine na vioo. Wengine wanatumia bomba la chuma lenye makopo mawili ya simenti pembeni, gurudumu la lori, ao jiwe la volkano.

Jambo hili ni zuri. Kijana anayeamka saa kumi na moja kwenda kufanya sport, usiku hakai kwenye pombe kali. Pahali kazi hakuna, mazoezi yanampa mtu saa ya kuheshimu, watu wa kuonana nao, na kitu kimoja katika maisha ambacho anaona kinategemea yeye mwenyewe. Hatuandiki hapa kwa kuwakataza.

Lakini kuna swali ambalo wenye kufanya mazoezi wenyewe wanauliza mara mingi: ninafanya kila siku, miezi sita sasa, juu ya nini sioni kitu? Mikono iko ile ile, uzito umeshuka, magoti yanauma. Jibu ambalo wanapewa karibu kila mara ni moja: ongeza. Ongeza seri, ongeza siku, amka mapema zaidi.

Kwa wengi wao, jibu la kweli ni kinyume. Katika majimbo yetu leo, kijana anayetaka mwili wenye nguvu anakosa zaidi chakula na usingizi kuliko chuma. Kila siku ya mazoezi anayoongeza juu ya tumbo ambalo halijashiba, anaitoa kwenye mwili ule ule anaotaka kujenga. Tufanye hesabu pamoja.

Mwili unajengwa saa gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba misuli inakua saa ile mtu anainua chuma, kwa sababu saa ile anaona mikono imevimba. Ule uvimbe ni damu tu, na kisha saa moja ao mbili unaisha. Mazoezi yenyewe ni agizo tu: yanaambia mwili kwamba kuna mzigo, jitayarishe. Kazi ya kujenga inafanyika kisha mazoezi, wakati mtu amekula, amekaa, amelala. Kisha mazoezi ya nguvu, mwili unaendelea kutengeneza misuli kwa haraka kuliko kawaida kwa muda wa siku moja hadi mbili hivi.

Ni sawa na kujenga nyumba. Kocha ni mwenye plani, mazoezi ni agizo la kuanza kazi, chakula ni matofali na simenti, usingizi ni wafundi. Kama kila asubui unatoa agizo jipya lakini lori la matofali halifiki, nyumba haitapanda. Na kama mwili unakosa chakula kabisa, unaanza kubomoa ukuta wa zamani ili upate matofali: unakula misuli yake wenyewe. Ndiyo sababu unaona kijana wa mazoezi mengi ambaye mishipa inaonekana vizuri, lakini kila mwezi suruali inamlegea.

Hesabu ya unga

Mwanzo wa mwaka 2025, hesabu ya IPC, ile serikali na mashirika ya kiutu wanatumia kwa kupima njaa, ilionyesha kwamba karibu watu milioni 28 katika Kongo walikuwa na njaa kali. Majimbo ya mashariki yamo kati ya yale yanayoumia zaidi. Vita ilifika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, ikafika Bukavu mwezi wa pili. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege pia, mashamba mengi yameachwa, na barabara ambazo chakula kilipitia zimejaa vizuizi. Kila mama anayeenda soko anajua maana yake.

Sasa tuangalie kijana wa kilo 60 anayekimbia kilometa 10 kila asubui mbele ya kuinua chuma. Kwa kukimbia, mwili unatumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mtu na kwa kila kilometa. Kwa hiyo kilometa 10 zinamtoa karibu kalori 600. Gramu 100 za unga wa mahindi zinatoa karibu kalori 360. Ile mbio moja tu imekula karibu gramu 170 za unga. Akikimbia siku sita kwa juma, amekula kilo moja ya unga. Kilo moja kila juma, juu ya kile ambacho mwili unahitaji kwa kuishi, kutembea na kufanya kazi.

Kama nyumbani kuna chakula cha kurudisha ile kilo, hakuna shida. Kukimbia ni kuzuri kwa moyo na kwa pumzi. Lakini kama katika nyumba mnakula mara moja kwa siku, ule unga hauwezi kutoka popote isipokuwa kwenye mwili wako ao kwenye sahani ya wadogo zako. Mtu anayetaka kuongeza misuli na chakula chake ni kidogo, jambo la kwanza la kupunguza ni mbio ndefu za kila siku. Mbio fupi mara mbili kwa juma zinamtosha.

Kuna hesabu ya pili, ya protini, yaani ile sehemu ya chakula inayotengeneza misuli. Mwaka 2018, watafiti wa chuo kikuu cha McMaster, katika Canada, walikusanya uchunguzi 49 uliofanywa juu ya watu 1 863 waliofanya mazoezi ya nguvu. Waliona kwamba faida ya kuongeza protini inafika mwisho karibu gramu 1,6 kwa kila kilo ya mtu kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60 ni gramu 96. Hata akipata chini kidogo ya pale, bado anajenga. Akizidisha sana, haongezi kitu.

Gramu 96 si ndoto, lakini haipatikani kwa bugali wa muhogo peke yake. Unga wa muhogo una kalori mingi lakini protini karibu hakuna: gramu moja ao mbili tu kwa gramu 100. Unga wa mahindi una karibu 8. Maharagi makavu yana karibu 22, karanga 25, soya 36. Yayi moja lina karibu 6. Na samaki wadogo waliokaushwa, sambaza wa ziwa Kivu ao ndakala wa Tanganyika, wana karibu gramu 60 kwa gramu 100, kwa sababu maji yote yametoka. Sambaza wenyewe ni watoto wa Tanganyika: waliletwa ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha watu wa hali ya chini.

Kwa hiyo: gramu 200 za maharagi (zimepimwa kavu), gramu 50 za sambaza wakavu na gramu 50 za karanga kwa siku moja, hapo tayari una karibu 86. Ile ya bugali wa mahindi inakamilisha. Hauhitaji unga wa protini wa ngambo, ule wanauza katika kopo kubwa lenye picha ya mtu mwenye misuli. Mara mingi ni maziwa yaliyokaushwa na kusafishwa, na bei yake ingelisha nyumba maharagi kwa siku nyingi. Kama unalipa sali kila mwezi na hauna makuta ya maharagi, acha sali kwanza, lipa maharagi, fanya pompi nyumbani. Utapata zaidi.

Wale ambao kazi yao ni mazoezi tayari

Kuna kundi ambalo programu za kwenye telefone hazijui hata kama liko. Ni wenye kusukuma chukudu, wabeba mizigo wa bandari na wa soko, wachimbaji katika mashimo ya dhahabu na koltani, wafundi wa kupiga matofali, mama wanaopanda milima na mzigo mgongoni. Pale Goma tumewajengea wenye chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, kwa sababu tunajua kazi yao inalisha mji. Lakini jioni, kijana aliyeshinda siku nzima akisukuma mamia ya kilo za makaa na viazi anaenda tena kufanya miguu kwenye sali, kwa sababu programu inasema leo ni siku ya miguu.

Zile programu ziliandikwa kwa mtu anayekaa kwenye kiti saa nane, anakula mara tatu, na analala kimya usiku kucha. Mwili hautofautishi mzigo wa kazi na mzigo wa mazoezi. Yote inaandikwa kwenye daftari moja. Mwenye chukudu anahitaji kufanya tu kile ambacho kazi yake haimpi, pengine kujivuta juu na mazoezi ya tumbo, mara mbili kwa juma, halafu kupumzika. Mchimbaji anayepiga nyundo siku sita hana lazima ya siku ya mabega.

Na usingizi? Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa. Wangapi kati yetu wanazipata, na milio ya risasi, na watu kumi na mbili katika nyumba ya vyumba viwili, na kuamka saa tisa kutafuta maji? Kijana aliyelala saa nne, akaamka saa kumi ili afanye mazoezi, angejenga mwili zaidi kama angebaki amelala.

Kiasi gani kinatosha?

Hapa wengi watashangaa. Shirika la afya duniani, OMS, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linaomba mtu mzima afanye mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa juma. Hiyo ni kwa afya. Kwa mwenye kutaka misuli ionekane, mtafiti mmoja wa Marekani, Brad Schoenfeld wa Lehman College katika New York, amepima jambo hili kwa miaka mingi pamoja na wenzake. Katika mkusanyo wao wa 2016 waliona kwamba kufanyisha kila msuli mara mbili kwa juma kunajenga zaidi ya mara moja.

Mwaka 2019 walitoa uchunguzi mwingine juu ya wanaume 34 waliozoea chuma. Kwa majuma nane, wote walifanya mazoezi mara tatu kwa juma. Kundi moja lilifanya seri moja kwa kila zoezi, kundi la pili seri tatu, la tatu seri tano. Wale wa seri moja walimaliza kila mara kwa dakika 13 hivi. Kwa nguvu, makundi yote yalipanda karibu sawa. Kwa ukubwa wa misuli, wale wa seri mingi walipata zaidi.

Tuseme ukweli wote basi: seri mingi zinajenga misuli zaidi ya seri moja. Anayesema dakika 13 zinatosha kwa kila kitu anakudanganya. Lakini kila seri unayoongeza inaleta faida ndogo kuliko ile iliyotangulia, na faida ile inapatikana kwa mtu anayekula na kulala vizuri. Kwa kijana wa kwetu mwenye sahani moja, seri chache ngumu zinampa sehemu kubwa ya matokeo kwa bei ndogo ya chakula. Zile za ziada anazilipa kwa njaa.

Jambo lingine la maana: uzito mkubwa si lazima. Watafiti wale wale walionyesha mwaka 2017 kwamba mzigo mdogo unajenga misuli karibu sawa na mzigo mzito, lakini kwa sharti moja: seri iendelee mpaka karibu nguvu ziishe. Mzigo mzito unashinda kwa kuongeza nguvu, lakini kwa ukubwa wa misuli ni karibu sawa. Kwa hiyo mwenye makopo ya simenti hana sababu ya kuona haya mbele ya mwenye mashine.

Hata Dorian Yates, Mwingereza aliyeshinda Mr. Olympia mara sita mfululizo tangu 1992 hadi 1997, alijulikana kwa kufanya seri chache kali, siku nne hivi kwa juma, na siku zingine kupumzika. Lakini yeye mwenyewe alisema wazi kwamba alitumia madawa ya kuongeza misuli. Ndiyo maana picha za wale watu kwenye telefone si kipimo cha mtoto wa Kadutu ao wa Majengo.

Programu ya siku mbili ao tatu

Chagua siku ambazo zinaachana: siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano. Kama kazi yako ni ya nguvu, chukua siku mbili tu, sawa vile siku ya pili na siku ya posho. Katika kila siku fanya mazoezi matano:

1. Kusukuma: pompi. Zikiwa rahisi, weka miguu juu ya kiti ao beba mfuko mgongoni.
2. Kuvuta: kujivuta kwenye bomba ao tawi lenye nguvu. Kama hauwezi bado, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta bidoni ya maji kuelekea tumbo, mkono mmoja mmoja.
3. Kuchuchumaa na kusimama, ukishika bidoni mbele ya kifua.
4. Kuinua kutoka chini: mgongo umenyooka, nguvu zinatoka kwenye matako na mapaja, si kwenye kiuno.
5. Kusukuma mzigo juu ya kichwa.

Fanya seri mbili ao tatu kwa kila zoezi. Kati ya seri na seri pumzika dakika mbili. Hakuna zawadi ya kuharakisha. Katika kila seri fanya mara 8 hadi 20, hata 30 kama mzigo ni mwepesi. Simama wakati unasikia kwamba zimebaki mara moja ao mbili tu mbele ya kushindwa. Ukisimama mbali sana na mwisho, mwili haupati agizo. Ukilazimisha mpaka kuanguka kila mara, unachelewa kupona. Yote inaisha kwa dakika 45 hivi.

Na bidoni ni alteri nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Ile ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na kidogo. Kila nusu lita unayoongeza ni nusu kilo. Anza na lita 8 ao 10, andika kwenye daftari umefanya mara ngapi. Juma linalofuata tafuta kuongeza mara moja. Ukifika 20 kwa urahisi, ongeza lita moja. Ile daftari ndiyo kocha wako wa kweli. Kama namba zinapanda polepole, unajenga, hata kama kioo hakijasema kitu. Kama namba zinashuka majuma mawili mfululizo, usiongeze mazoezi: angalia sahani, angalia usingizi, chukua juma moja la kupumzika.

Usitazamie miujiza. Mwenye kuanza, akila vizuri, anaweza kuongeza nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi. Anayekuahidi kilo tano kwa mwezi anauza maji, mafuta ao dawa.

Programu hii ina faida nyingine katika hali yetu. Kijana anayetoka mara tatu kwa juma badala ya mara sita amepunguza kwa nusu zile saa za giza ambazo anapita barabarani, mbele ya vizuizi na watu wenye silaha.

Wakati vita inakatisha mazoezi

Wengi wanasema: nilikuwa nimefika mbali, halafu tukakimbia, miezi mitatu kwa familia ya wengine, nimepoteza yote. Hapa kuna habari nzuri. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walitoa uchunguzi juu ya watu 70 waliofanya mazoezi mara tatu kwa juma kwa majuma 16. Kisha wakapunguziwa: wengine siku moja tu kwa juma, kwa majuma 32. Vijana wa miaka 20 hadi 35 walilinda misuli waliyoongeza, hata wale waliofanya seri moja tu kwa zoezi katika ile siku moja. Wazee wa miaka 60 na zaidi walipoteza sehemu. Wao wanahitaji zaidi kidogo.

Maana yake, kama uko katika kambi ao kwa ndugu, na chakula ni cha kuhesabu, siku moja kwa juma ya mazoezi makali inatosha kulinda ulichojenga. Usijaribu kukua katika mwezi wa njaa. Linda tu. Na hata ukiacha kabisa, msuli uliokwisha kukua unarudi haraka kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza.

Vidonge vya kunenepesha

Pale chakula kinakosa na haraka inazidi, biashara inaingia. Katika masoko ya inchi yetu vidonge vya kunenepesha vinauzwa bila karatasi ya muganga. Wanawake wanavitafuta kwa kupata umbo, na vijana wa mazoezi nao wamo. Dawa mbili zinarudi sana: deksametazoni, ile wanaita deksa, na siproheptadini.

Siproheptadini ni dawa ya alerji inayoongeza hamu ya chakula na usingizi mzito. Kama chakula hakipo, itakupa njaa tu. Deksa ni mbaya zaidi, na inafaa kila mwenye kuinua chuma ajue hili: deksa haijengi misuli. Inaibomoa. Uso unavimba kwa maji na mafuta, mtu anasema umenenepa, lakini mapaja na mikono inapoteza nguvu. Ikitumiwa kwa muda mrefu inapandisha sukari na tansyo, inalegeza mifupa, na inapunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Na mtu aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache kwa siku moja, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake na anaweza kuanguka vibaya. Aende kwa muganga, amwambie ukweli, apunguziwe polepole.

Sindano za testosteroni na ndugu zake zinaongeza misuli kweli, lakini zinafunga kiwanda cha mwili: korodani zinapungua na mbegu za uzazi zinaweza kukosekana kwa miezi mingi. Kijana wa miaka 22 anayetaka siku moja kuwa baba, afikiri mara mbili.

Alama za kusimama

Maumivu ya misuli siku moja ao mbili kisha mazoezi ni kawaida. Haya yafuatayo si kawaida:

- Mkojo wa rangi ya chai nzito ao ya Coca kisha mazoezi makali, na misuli iliyovimba na kuuma sana. Misuli inapasuka na uchafu wake unaweza kuharibu mafigo. Kunywa maji, nenda hospitali siku ile ile. Hata malaria kali inaweza kugeuza mkojo kuwa mweusi, kwa hiyo usibaki nyumbani kukisia.
- Homa. Usifanye mazoezi na homa, hata kama ni siku ya programu.
- Maumivu ya kifua, ao kuzimia.
- Uzito unaoshuka kila juma bila wewe kutaka.
- Kwa wasichana, hedhi iliyokatika miezi mitatu bila mimba. Mara mingi ni mwili unasema: mazoezi ni mingi, chakula ni kidogo.

Nani afanye nini?

Makocha wa sali na wa vikundi vya kartie wana kazi ya kwanza. Mbele ya kumpa mtoto programu, wamwulize maswali matatu: unafanya kazi gani muchana, unakula mara ngapi, unalala saa ngapi? Kocha anayemrudisha nyumbani kijana aliyekuja na njaa hajamkosea. Amemfundisha. Wenye famasi waache kuuza deksa sawa vile bonbon. Ile ni dawa ya kuokoa mgonjwa wa pumu kali, na siyo ya kupamba mtu. Na wazazi wasicheke mtoto anayeomba maharagi zaidi badala ya nguo: ameelewa jambo.

Kwa kijana mwenyewe, neno ni moja. Katika majimbo haya tumezoea kusifu mwenye kuteseka sana, kama vile jasho peke yake ni kazi. Mwili haulipi kwa jasho. Unalipa kwa mzigo unaotosha, sahani inayorudi kila siku, na usiku wa kulala. Ukiwa na siku sita za nguvu kwa juma, toa mbili ao tatu kwa chuma. Zile zingine zitumie kutafuta chakula, kwa sababu ndicho kinajenga.